Kusoma "hapana" bila kujidanganya: fikra zinazomsaidia anayetafuta kazi

Mtu anayetafuta kazi hakosi washauri. Wengine humwambia awaze mazuri tu, ajione tayari ameketi kwenye kiti cha ofisi. Wengine humwambia subira yavuta heri, atulie, riziki yake haitampita. Nia ni njema pande zote mbili, na kasoro ni ileile: hakuna anayemwambia afanye nini na majibu yanayorudi, au na kimya kinachorudi badala ya majibu. Ombi la kwanza halina shida, kila mtu huliandika kwa ari. Shida huanza kwenye la kumi na tano, pale ambapo mtu hajui tena kama kimya hiki kinamwambia jambo kuhusu yeye mwenyewe, kuhusu CV yake, kuhusu mwajiri, au hakimwambii chochote.

Huko kuwaza mazuri kumeshapimwa. Mwaka 2002 wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani waliokuwa wakiingia kwenye soko la ajira. Walitenganisha mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya. La kwanza ni matarajio: mtu anakadiria uwezekano wa kupata kazi kuwa mkubwa kiasi gani. La pili ni njozi: ni mara ngapi anajikuta akijiona ameshaipata. Baada ya miaka 2, wenye njozi tamu nyingi walikuwa wametuma maombi machache zaidi, wameitiwa kazi chache zaidi na wanalipwa mshahara mdogo zaidi. Wenye matarajio mazuri walifanya vizuri. Njozi humpa mtu sehemu ya raha ya mafanikio kabla hajayafanyia kazi, na ile hamu ya kutenda hupungua. Matarajio hutokana na mambo yaliyokwisha kutokea: umewahi kuitwa, umewahi kufaulu, una ujuzi unaohitajika.

Kwa hiyo fikra zinazosaidia hazipimwi kwa uchangamfu. Mtu anaweza kuwa na huzuni ya haki kabisa na bado akatafuta kazi vizuri. Kinachomsaidia ni uwezo wa kulisoma kila jibu kwa uzito wake, bila kuliongeza wala kulipunguza.

Hesabu kwanza

Chukulia kwamba kila ombi unalotuma lina uwezekano wa 1 kati ya 20 wa kukufikisha kwenye usaili. Hiyo ni namba ya mfano tu; ya kwako itatoka kwenye kumbukumbu zako. Wengi wakisikia 1 kati ya 20 huelewa kwamba wakituma maombi 20 wataitwa mara moja. Sivyo. Uwezekano wa ombi moja kukosa ni 0.95, na ukizidisha 0.95 kwa yenyewe mara 20 unapata takriban 0.36. Yaani, tukichukua watu 100 wenye sifa zinazolingana na zako, kila mmoja akatuma maombi 20, kama 36 kati yao hawatapigiwa simu hata moja, wala hawana kasoro yoyote. Wakifikisha maombi 40, wasiopata simu watabaki kama 13. Wakifikisha 60, kama 5.

Hapa pana mafunzo mawili, na yanavutana. Kimya baada ya maombi 10 au 20 hakibebi habari nzito. Ni jambo la kawaida hata kwa mtu anayefaa. Kimya baada ya 60 kinabeba habari. Ni vigumu kuendelea kuamini kwamba uwezekano wako ni 1 kati ya 20. Huenda ni 1 kati ya 100, na kuna kitu cha kurekebishwa. Anayekata tamaa kwenye ombi la 12 na anayetuma la 90 bila kugusa mstari mmoja wa CV yake wamefanya kosa moja, ingawa kwa nje hawafanani hata kidogo.

Usaili nao una hesabu yake. Wakibaki watu 5 wanaokaribiana uwezo, uwezekano wako ni 1 kati ya 5, na baada ya kusailiwa mara 5 bado theluthi moja ya watu wa aina yako watakuwa hawajapata kazi. Baada ya mara 10, kama mmoja kati ya tisa. Hilo linauma, lakini ni hesabu tu.

Tahadhari moja: hesabu hii inadhani kwamba maombi hayategemeani. CV yenye namba ya simu iliyokosewa, ikitumwa kwa waajiri 60, imejaribiwa mara moja tu.

Ili hesabu ikusaidie lazima uwe na kumbukumbu. Daftari la kawaida linatosha, au jedwali kwenye kompyuta. Safu zinazohitajika ni tarehe uliyotuma, mwajiri, cheo, ulipolionea tangazo, toleo la CV ulilotumia, kama kuna mtu uliyemjua ndani, hatua ombi lilipofika, na tarehe ya kufuatilia. Safu ya toleo la CV ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu bila hiyo huwezi kujua ni karatasi gani iliyokuletea simu. Fuatilia mara moja, siku 7 hadi 10 za kazi baada ya tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Zikipita wiki 4 bila neno, andika "limefungwa" na uendelee. Wakikupigia wiki ya sita, vizuri, utalifungua tena. Lengo la kulifunga ni kuzuia ombi la zamani lisiendelee kukaa kichwani likisubiri simu kila simu inapolia.

Hiyo "hapana" imetoka wapi?

Mwombaji huiona "hapana" moja. Mwajiri ana sababu nyingi zinazozaa neno hilohilo, na sehemu kubwa ya sababu hizo hazimgusi mwombaji. Nafasi ilikuwa na mtu wake tangu mwanzo, tangazo likatolewa kutimiza utaratibu. Bajeti imesitishwa baada ya tangazo kutoka. Ombi lako lilifika siku ya mwisho, wakati msomaji ameshapata majina 8 ya kuwaita na hana haja ya kusoma zaidi. Au programu ya kuchuja maombi haikuweza kuisoma CV iliyopangwa kwa majedwali na safu mbili, hivyo miaka yako ya uzoefu ikaonekana kama maneno yaliyotawanyika.

Na ubaguzi upo. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio ambalo walituma karibu CV 5,000 za kubuni kujibu matangazo ya kazi katika miji ya Boston na Chicago, huku wakizigawia majina kwa bahati nasibu. CV zenye majina yanayodhaniwa kuwa ya wazungu zilipata simu kwa asilimia 50 zaidi ya zile zenye majina yanayodhaniwa kuwa ya Wamarekani weusi. Karatasi ni ileile, jibu ni tofauti. Anayekataliwa kwa sababu kama hiyo haoni chochote zaidi ya kimya, halafu anaketi usiku kujichambua.

Hatusemi kwamba kila kukataliwa ni bahati mbaya au dhuluma. Ukiamini hivyo hutajirekebisha kamwe, na hapo utakuwa umejifariji kwa gharama kubwa. Ipo barua ya maombi inayofaa kutumwa kwa kampuni yoyote duniani, na kwa sababu hiyo haimgusi yeyote. Ipo sifa ya lazima ambayo huna, ukatumaini hawataiona. Utatofautishaje? Jibu moja halitakwambia. Hatua unayokwama, ikijirudia, ndiyo itakayokwambia.

Umekwama hatua gani?

Ukiwa hupigiwi simu kabisa, tatizo liko kwenye lengo au kwenye karatasi. Anza na lengo, maana kulikagua ni rahisi. Chukua matangazo 10 ya mwisho uliyoyaomba, andika sifa zilizotajwa kuwa za lazima, weka alama kwenye zile unazoweza kuzithibitisha leo. Ikiwa kwenye mengi hufikii theluthi mbili, unaomba kazi zilizo juu ya ulipo, na hakuna CV itakayoziba pengo hilo. Ikiwa unazitimiza karibu zote, tatizo ni karatasi: pengine sifa hizo zimefichwa kwenye ukurasa wa pili, au umeziandika kwa maneno yako wakati tangazo lina maneno yake. Sehemu ya juu ya ukurasa wa kwanza ndiyo husomwa kwa uhakika. Jambo linalokufanya ufae kwa kazi hii likae hapo, lenye kiasi na matokeo. "Nilisimamia ghala" halimwambii mtu kitu. "Nilisimamia ghala lenye aina 400 za bidhaa na wafanyakazi 6" linamwambia.

Usibadilishe rangi ya kichwa cha CV kisha ukatuma maombi 10 kupima tofauti. Hesabu ya hapo juu imekwisha kuonyesha kwamba 10 hayawezi kupima kitu kidogo hivyo. Badilisha jambo kubwa, tena baada ya kuisomesha CV kwa watu 2 wanaofanya kazi katika fani hiyo, si kwa rafiki anayekupenda.

Ukiwa unapigiwa simu ya awali lakini huitwi kukaa mezani, mara nyingi umekwama kwenye maswali mafupi ya kiutendaji: mshahara unaotarajia, lini unaweza kuanza, kama uko tayari kuhama. Andika majibu hayo mapema uyaweke karibu na simu. Si suala la utu wako hata kidogo.

Ukiwa unasailiwa na huchaguliwi, hapo kazi ni kubwa zaidi na inalipa zaidi. Kosa la kawaida ni kujibu kwa sifa ("mimi ni mchapakazi") badala ya tukio. Andaa matukio 6 hadi 8 kutoka kazini, chuoni au kwenye shughuli ya kujitolea, kila moja lenye hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya wewe na si kikundi, na matokeo. Yaseme kwa sauti hadi kila moja litoke ndani ya dakika 2. Kuyapitia kichwani hakutoshi. Kichwani kila mtu huongea vizuri. Tukio moja liwe la kushindwa, kwa sababu swali hilo lipo karibu kila mahali, na wengi hulijibu kwa kujisifu kinyumenyume.

Ukifika hatua ya mwisho mara kwa mara kisha ukaachwa, una habari njema ambayo huioni: karatasi na usaili vinafanya kazi. Kagua wadhamini wako. Wapigie, wakumbushe kazi unayoomba ni ipi, na uulize bila kuficha kama wana furaha kukusemea. Mdhamini baridi huharibu kazi iliyokuwa imeiva.

Kuhusu kuomba maoni baada ya kukataliwa: waajiri wengi hawajibu, wengine wakihofia kushitakiwa. Uwezekano wa kujibiwa huongezeka ukiuliza swali moja jembamba na kumrahisishia mtu. "Nashukuru kwa nafasi ya usaili. Kama ningetaka kuimarisha jambo moja kabla ya kuomba nafasi kama hii tena, ungenishauri liwe lipi?" Lisiwe na harufu ya kubishana na uamuzi. Wakijibu "tulipata mwenye uzoefu zaidi", lichukue kama adabu, usilijengee nadharia.

Sentensi unazojiambia

Mwanasaikolojia Martin Seligman, aliyeanza miaka ya 1960 kwa kuchunguza jinsi viumbe wanavyojifunza kutojitetea, alikuja kuonyesha kwamba watu hutofautiana katika namna wanavyojieleza mabaya yanayowapata. Maelezo yanayovunja mtu yana sura tatu: ni yangu mimi, ni ya kudumu, ni ya kila mahali. "Sina akili ya usaili" ina zote tatu ndani ya maneno machache. Sentensi ya aina hii huonekana kama ukweli mchungu, na mtu huona kwamba kuikubali ni ujasiri. Ukweli ni kwamba imepita mbali kuliko ushahidi ulioizaa.

Dawa yake haiwi sentensi tamu ("mimi ni bora, watajuta"). Akili hujua inapodanganywa. Dawa ni kuirudisha sentensi kwenye ukubwa wa tukio. Iandike ilivyo. Chini yake andika kilichotokea kwa namna ambayo mtu aliyekuwapo chumbani angekubali: "Nilishindwa kujibu swali la bajeti kwenye usaili wa Jumanne." Halafu jiulize mambo matatu. Ni sababu gani nyingine inaweza kueleza matokeo haya? Je, jambo hili limetokea mara ngapi kwenye kumbukumbu zangu? Na kuna kitu cha kufanya ndani ya wiki hii? Zoezi lote lisizidi dakika 10. Likizidi hapo limegeuka kuwa kujichimba, na kujichimba hakuna mwisho.

Linaloendana na hilo ni aina ya lengo unalojiwekea. Nchini Uholanzi, Edwin van Hooft na Gera Noordzij walichapisha mwaka 2009 jaribio lililowafundisha baadhi ya wasio na kazi kujiwekea malengo ya kujifunza (nataka kuwa stadi zaidi wa kueleza uzoefu wangu) badala ya malengo ya kuonyesha uwezo (nataka niwathibitishie kwamba nafaa). Kundi la kujifunza lilitafuta kwa juhudi zaidi na wengi zaidi wakapata kazi. Mantiki yake si ngumu. Ukienda kwenye usaili kuthibitisha thamani yako, ukikosa umethibitisha kinyume chake. Ukienda na jambo moja la kufanyia mazoezi, kwa mfano kunyamaza sekunde 3 kabla ya kujibu, utatoka na kitu hata ukikosa.

Siku isiyo na umbo

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kundi la watafiti akiwamo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel lilikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Ungetarajia watu wenye muda mwingi wasome zaidi. Uazimaji wa vitabu kwenye maktaba ulishuka karibu nusu. Wanaume walitembea polepole, wakisimama njiani bila sababu, na walipoulizwa siku yao ilikwendaje walishindwa kuijaza. Wanawake walitembea haraka zaidi, kwa kuwa kazi za nyumbani hazikuwa zimefungwa pamoja na kiwanda. Baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira, mbali na mshahara, humpa mtu mambo matano: mpangilio wa muda, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja, utambulisho, na shughuli ya kila siku.

Hili linabadilisha namna ya kujisoma. Ule uvivu unaomshangaza mtu wiki ya tano baada ya kuachishwa mara nyingi hautoki kwenye tabia yake. Ni mpangilio ulioondoka. Na mpangilio unaweza kutengenezwa. Saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, siku 5 za wiki, ziwe za kutafuta kazi: saa ya kwanza matangazo na kuchagua, mbili zilizobaki kuandika maombi. Mchana saa moja ya mawasiliano na watu, au ya kujifunza ujuzi unaotajwa sana kwenye matangazo yako. Baada ya hapo, funga. Saa 4 za kazi kweli zinazidi saa 10 za kupitisha kidole kwenye simu ukiyaita hayo kutafuta. Maombi 5 hadi 8 yaliyolengwa vizuri kwa wiki ni kasi nzuri kwa kazi za kitaalamu. Kwa kazi zinazohitaji fomu fupi unaweza kwenda mara tatu ya hapo. Hesabu unachotuma, kwa sababu unakimiliki. Simu zinazoingia huzimiliki.

Weka pia miadi 2 kwa wiki na watu, hata kama hazihusu kazi, na shughuli moja ambayo wengine wanakutegemea uje. Hiyo ya mwisho huonekana kama anasa kwa mtu mwenye kodi ya kulipa. Inarudisha mambo matatu kati ya yale matano kwa mkupuo.

Aibu ya kuuliza

Waliokosa kazi hujificha, hasa kwa watu wasiowajua sana. Ni mahali pabaya pa kujificha. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba kati ya wataalamu waliopata kazi kupitia mtu, zaidi ya 80 kati ya 100 walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara chache au kwa nadra. Jaribio kubwa kwenye mtandao wa LinkedIn, lililochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha watumiaji zaidi ya milioni 20, lilikubaliana naye kwa marekebisho: wenye msaada zaidi ni watu mnaojuana kwa kiasi, si wa karibu sana na si wageni kabisa. Rafiki wa karibu anajua unayoyajua. Mtu mliyefanya naye kazi miaka 4 iliyopita anasikia ya kwingine.

Kinachozuia ni fikra kwamba kuuliza ni kuomba kazi, na kuomba kazi ni kujishusha. Basi usiombe kazi. Omba taarifa, dakika 15. "Habari za siku nyingi. Naelekea kwenye ukaguzi wa hesabu, na nimeona wewe uko huko sasa. Ningefurahi kukupigia dakika 15 wiki hii au ijayo nikuulize kazi yenyewe ikoje na wanaangalia nini wanapoajiri. Kama una shughuli nyingi, naelewa." Mtu anaweza kusema ndiyo bila kujifunga, na anaweza kukataa bila kukuumiza. Tuma 3 kwa wiki. Mmoja asipojibu, kumbuka hesabu.

Pigo kabla halijafika

Miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Michigan kilitengeneza mafunzo ya wasio na kazi yaitwayo JOBS: vikao 5 vya saa 4 hivi, ambavyo baadaye vilichukuliwa na Finland pia. Sehemu yake muhimu ni kumwandaa mtu kwa vikwazo kabla havijatokea. Washiriki hutaja mambo yatakayowakatisha tamaa, kisha huamua mapema watakavyojibu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ana umbo fupi la kazi hiyohiyo, lililopimwa mara nyingi: "Likitokea hili, nitafanya lile." Likija jibu la kukataliwa, nitalijaza kwenye daftari, nitatembea dakika 20, kisha nitamaliza ombi lililo mezani. Ndugu akiuliza "bado tu?", nitasema "natafuta, nina maombi 6 yanayosubiri majibu", na nitabadilisha mada. Uamuzi ukiwa umeshafanywa, huhitaji kuufanya ukiwa umeumia.

Hasira nayo ihesabiwe. Mwaka 1994 Stefanie Spera, Eric Buhrfeind na James Pennebaker walichapisha jaribio dogo kwa wataalamu walioachishwa kazi. Kundi moja liliandika dakika 20 kwa siku, siku 5 mfululizo, kuhusu mawazo na hisia zao za ndani juu ya kupoteza kazi. Kundi jingine liliandika juu ya mipango na matumizi ya muda. Wale wa hisia walipata kazi mapema zaidi, na hawakuwa wametuma barua nyingi zaidi wala kupiga simu nyingi zaidi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba waliingia kwenye usaili wakiwa wameshaitua hasira. Msaili akiuliza "kwa nini uliondoka?", uchungu husikika hata maneno yakiwa safi. Kwa aliyeachishwa, hizo dakika 100 ni bei ndogo. Ziandikwe kwenye karatasi ambayo hakuna atakayeisoma.

Kuna kiwango ambacho mambo haya hayatoshi. Hali ya huzuni au kutojali chochote ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikiharibika, hilo ni suala la daktari au mshauri wa afya ya akili. Yakija mawazo ya kujidhuru usisubiri wiki 2. Mwambie mtu leo.

Lini ubadilishe lengo

Uamuzi huu ufanywe mapema, kwa tarehe, ukiwa mtulivu: kwa mfano, miezi 3 au maombi 60, lolote litakalotangulia. Ukifika hapo bila dalili, panua mlango mmoja kwa wakati: ngazi ya cheo, au sekta, au aina ya mkataba. Kupanua yote matatu kwa pamoja humfanya mtu aonekane hajui anachotaka, na barua zake huanza kufanana tena.

Usiache muda ukae mtupu. Kory Kroft na wenzake walituma CV za kubuni nchini Marekani na kuonyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, kwamba simu hupungua kadiri muda wa kukaa bila kazi unavyorefuka, na kushuka huko hutokea zaidi katika miezi 8 ya kwanza. Kazi ya muda, mradi wa mteja mmoja, kujitolea siku 2 kwa wiki kwenye fani yako: chochote chenye jina, tarehe na matokeo kinaweza kuingia kwenye mstari wa juu wa CV.

Na ofa ya mdomo haifungi daftari. Nafasi huyeyuka kati ya "tumekuchagua" na mkataba, kwa sababu zilezile za bajeti na utaratibu. Punguza kasi ukitaka, maombi 2 au 3 kwa wiki yanatosha, lakini usiwataarifu waajiri wengine kwamba umejitoa hadi sahihi za pande zote mbili ziwepo na tarehe ya kuanza iwe imeandikwa.